Mkojo unanitoka nikicheka: je, ndiyo uzazi wenyewe?

SWALI: Asalaam aleikum dada mtaalamu. Nina miaka 34, naishi Tanga, nina watoto watatu. Wa mwisho ana miezi saba. Alizaliwa na kilo nne, nikachanika na kushonwa. Tangu hapo mkojo unanitoka nikipiga chafya, nikicheka sana au nikijitwika ndoo. Mwezi uliopita tulikuwa tunamfunda binti mmoja, nikainuka kucheza, nikalowa hadi kanga ikaonyesha. Nilisingizia juisi. Mama yangu ana miaka 63, ananiambia nisijisumbue, ndiyo uzazi. Hata yeye ana kinyama kinachoshuka chini ikifika jioni, na usiku huamka mara nne kwenda chooni. Mdogo wangu ana mimba ya kwanza ya miezi mitano, na sasa ameanza kuogopa. Nimesikia kuna mazoezi ya kubana. Wengine wananiambia nitumie shabu. Nina wasiwasi pia na swala zangu. Kwenye kikoba chetu tupo wanawake 22 na nina hakika si mimi peke yangu, lakini nani ataanza kusema? (Mama wa watatu, Tanga)

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile juisi. Katika kazi hii ya fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi, nimeshasikia mengi: mtoto amenikojolea, nimemwagikiwa na maji ya kunawa, ni jasho tu. Anayeniambia hayo hunitazama usoni aone kama nimeamini. Wewe umesema ukweli, kwa hiyo nami nitakujibu bila kuzungukazunguka.

Mama hajakosea kabisa. Jambo hili linawapata wengi. Tafiti kutoka nchi mbalimbali, zikijumlishwa, zinaonyesha takriban mwanamke mmoja kati ya watatu huvuja mkojo katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Alipokosea mama ni kudhani kwamba kinachowapata wengi hakina dawa. Malaria nayo inawapata wengi.

Unakijua kitanda cha kamba. Ukikilalia miaka mingi, kamba hulegea katikati na godoro likabonyea. Chini ya fupanyonga lako pana kitu cha namna hiyo: misuli iliyotandikwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kitokono nyuma, na juu yake vimekaa kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Tunaiita misuli ya sakafu ya nyonga. Njia tatu zinapita katikati yake, ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa, na misuli hiyo ndiyo inayozibana zote. Mtoto anapopita, sehemu yake ya ndani huvutika hadi kufikia kama mara tatu ya urefu wake wa kawaida. Hakuna msuli mwingine mwilini unaofanyiwa hivyo, kisha kesho yake mwenyewe anatakiwa ainuke achote maji. Ukipiga chafya, tumbo husukuma kibofu kwa nguvu. Kamba zikiwa zimelegea au zimechelewa kukaza, tone linatoka. Kwako kulikuwa na mtoto wa kilo nne na mchaniko, basi sishangai.

Kitanda kikilegea hakitupwi, hukazwa kamba. Hata hivyo, kabla ya kukaza lazima tujue kama tatizo ni kamba kweli. Nenda kituo cha afya wakupime mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mtu akimbilie chooni na kujilowesha njiani. Kisukari hufanya mkojo uwe mwingi. Kichocho nacho kipo, hasa kwa aliyekulia kwenye maji ya mabwawa, mito na mashamba ya mpunga, na ukiona damu kwenye mkojo usisubiri wiki iishe. Ganzi sehemu za siri au miguu kukosa nguvu ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Nitaje pia fistula, maana kwenye kikoba cha watu 22 huenda mmoja ana ndugu anayefichwa ndani kwa ajili hiyo. Mkojo unaochuruzika mchana kutwa na usiku kucha bila kukatika, hasa kwa aliyekaa na uchungu siku mbili au tatu, mara nyingi si misuli iliyolegea. Ni tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu, upasuaji ndio unaoziba. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula kwa miaka mingi bila kumtoza mgonjwa, na ilijulikana kwa kumtumia nauli kwa M-Pesa ili umaskini usimzuie kupanda basi. Mwenye dalili hizo apelekwe.

Tukishayaondoa hayo, tuje kwenye kubana. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu wengi wanaoniambia "nilijaribu, hayasaidii" walikuwa wanabana kisichohusika.

Lala chali, magoti juu. Sasa fikiria umekaa mkekani na wakwe zako, tumbo limejaa upepo, na upepo unataka kutoka. Utakachokifanya pale nyuma bila mkwe kujua ndicho ninachokitaka. Kisha uvutie mbele, kama unayezuia mkojo. Utasikia kitu kinapanda ndani. Makalio yasikaze, mapaja yasibanane na pumzi isikatike. Ukiweza kuhesabu kwa sauti huku umebana, upo sawa. Kama huna hakika, chukua kioo kidogo utazame msamba, au uweke kidole pale: ukibana, msamba unaingia ndani. Ukiona unatoka nje, unasukuma badala ya kuvuta, na kusukuma kunaongeza tatizo. Na usijifunzie chooni kwa kukatakata mkojo kila unapokojoa, unakivuruga kibofu.

Ukishaupata msuli wenyewe, bana kwa nguvu utakayoweza na ushikilie. Mwanzoni labda utafika sekunde tatu, lengo ni kusogea hadi nane au kumi. Achia kabisa, pumzika kwa muda uleule, rudia mara nane hadi kumi na mbili. Hiyo ni awamu moja, na kwa siku unahitaji awamu tatu. Mwishoni mwa kila awamu ongeza mibano ya harakaharaka, bana-achia, bana-achia, kwa sababu chafya haibishi hodi. Ukiweza kulala tu, anzia hapo. Baadaye fanya umekaa, kisha umesimama, maana mkojo haukutoki ukiwa umelala.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengine huona faida yake mapema kuliko mazoezi yenyewe: bana kabla. Ukihisi chafya inakuja, bana kwanza, ndipo upige. Kabla ya kuinua ndoo, bana, toa pumzi, kisha inua. Ukishazoea, mwili utafanya wenyewe.

Je, yanafaa kweli? Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo yaliyojumlisha majaribio mengi kuhusu aina hii yako ya kuvuja. Kati ya wanawake waliofanya mazoezi, zaidi ya nusu walisema wamepona. Kati ya ambao hawakufanya, ni sita tu katika kila mia. Sijui vidonge vingi vyenye sifa hiyo. Lakini wanawake hao walifundishwa na kufuatiliwa, na unatakiwa kuyapa angalau miezi mitatu kabla ya kusema yameshindikana. Ukiacha wiki ya pili hujajaribu.

Ndiyo maana nakushauri usikomee kwenye barua hii. Hospitali za rufaa nyingi zina kitengo cha fiziotherapia. Ukifika, uliza kama yupo aliyejifunza afya ya nyonga ya wanawake, na kama unataka mwanamke, sema. Anaweza kuomba akupime kwa kidole chenye glavu ukeni ili aone nguvu ya misuli na hali ya kovu lako. Atakueleza kwanza na kukuomba ruhusa, na una haki ya kukataa au kuingia na mtu wako. Ukikataa bado zipo njia nyingine za kukusaidia. Mwambie pia kama upepo au haja kubwa inakutoka bila kupenda, hata kidogo tu. Mchaniko ukifika kwenye msuli wa njia ya haja kubwa unahitaji kuangaliwa na daktari, na hili ndilo wanawake wanalolificha kuliko yote.

Kipimo kina sababu nyingine. Wapo wanawake ambao misuli yao haikulegea bali imekakamaa. Tendo la ndoa linawauma, mkojo unachelewa kuanza, choo ni kigumu. Wapo waliotoneshwa na kovu la kushonwa au la kukeketwa, na wapo ambao mwili unajikunja tu kwa hofu. Hawa ukiwaambia wabane wanazidi kuumia. Kwao kazi ya kwanza ni kujifunza kuachia. Kwa hiyo ukisikia zoezi la kubana linauma, acha, na usimpe jirani zoezi kwa sababu wewe limekufaa.

Shabu, hapana. Nalisema hili nikijua nitawaudhi wauzaji wa mitishamba. Shabu hukausha na kuwasha ngozi ya uke, ikaacha michubuko, na michubuko ni mlango wa maradhi. Haigusi msuli hata mmoja; unachokiona "kimebana" ni ngozi iliyokauka na kuvimba. Kujifukiza nako kumeshaniletea mgonjwa mwenye lengelenge.

Kanga ya tumboni je? Nina hakika ulifungwa, na ulikandwa. Mimi sikatazi kanga. Ikifungwa kwa kiasi humpa mzazi raha ya mgongo na tumbo. Nakataza ile inayokazwa hadi mzazi anavuta pumzi kwa shida, kwa kuwa presha ya tumbo lililobanwa itatafuta pa kwenda, na itakwenda chini, kwenye misuli iliyochoka. Maji ya moto yasiunguze, na tumbo lisikandamizwe. Lakini katika desturi zetu zote za uzazi, iliyo bora ni arobaini yenyewe: mwanamke kulala, kupikiwa, kufuliwa, kutoinua kitu. Tumeiharibu sisi wa mjini tunaorudi gengeni wiki ya pili.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kwa miezi hii mitatu, chota nusu, mara mbili. Mtoto mgongoni hana shida kama kifungo kimekaa vizuri. Shida ni mtoto mgongoni, ndoo kichwani na dumu mkononi kwa wakati mmoja. Choo kikiwa kigumu, kunywa maji, kula mboga na mapapai, usijikamue. Aliyekwambia choo cha kuchuchumaa kimepitwa na wakati alikudanganya: ule mkao hunyoosha njia ya haja kubwa, na wenzetu wa vyoo vya kukalia sasa wananunua vijistuli vya kuwekea miguu ili waupate.

Wala usipunguze maji ya kunywa kwa hofu ya kulowa. Mkojo mzito hukiwasha kibofu kikataka kutoka mara kwa mara. Acha pia tabia ya kwenda chooni "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani, kwa sababu kibofu hujifunza kudai kikiwa na kidogo. Kwa mtu mzima, kila saa tatu au nne inatosha.

Kuhusu swala, hukumu muulize sheikh wako, si fani yangu. Ninachokijua kama Mwislamu mwenzako ni kwamba mwenye mkojo usiokatika ana udhuru: hujisafisha, hujifunga kitambaa safi, hutawadha wakati ukishaingia, kisha huswali hata tone likitoka. Wako ni wa kupiga chafya na kuinua mzigo, huenda hukumu yake si hiyo, kwa hiyo uliza, usiache swala wala kukaa nyumbani kwa kudhani. Kwa upande wangu nakuongezea hili: ukiwa kwenye sijda, nyonga iko juu ya kifua, uzito unaondoka kwenye ile misuli. Ukimaliza kuswali, baki hapohapo kwenye mkeka ufanye awamu moja. Wagonjwa wangu wanaofungamanisha mazoezi na swala hawasahau.

Sasa mama. Msalimie, mwambie shikamoo yangu imefika. Kinyama kinachoshuka jioni na kurudi akilala, kwa maelezo yako, ni dalili ya kizazi au kuta za uke kushuka, ingawa lazima atazamwe ili tujue ni kipi. Hayuko peke yake hata kidogo. Utafiti uliofanywa vijijini Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake waliopimwa wana kushuka kwa kiwango cha pili au zaidi, yaani hadi karibu na mlango wa uke au kupita hapo, ingawa waliofikia hali mbaya walikuwa wachache. Baada ya ukomo wa hedhi homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya uke na njia ya mkojo ikawa nyembamba na kavu, na kilichokuwa kimelegea tangu ujana ndipo huonekana. Moshi wa kuni ukimpa kikohozi cha kila siku, nao unasukuma.

Kwake mazoezi yatapunguza uzito anaousikia kama hali haijafika mbali, lakini hayatarudisha juu kitu kilichokwishatoka nje. Hapo ipo pesari, pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia kizazi. Hutolewa na kusafishwa, na wengine huishi nayo miaka bila kisu. Ipo krimu ya estrojeni ambayo daktari anaweza kumwandikia. Na upo upasuaji. Kuamka mara nne usiku nako kutazamwe peke yake: apimwe sukari na mkojo, miguu ikivimba ainyanyue alasiri, na ile chai ya saa tatu usiku ihamie saa kumi na moja jioni. Njia ya chooni iwe na taa. Wazee wengi wanaovunjika nyonga walianguka wakiwahi choo gizani.

Mdogo wako, kwa kweli, ndiye mwenye bahati. Anayeanza mazoezi haya mapema akiwa mjamzito, kabla hajavuja, hupunguza uwezekano wa kuvuja mwishoni mwa mimba na miezi ya mwanzo baada ya kuzaa. Mfundishe leo, lakini ajifunze kuachia pia, maana siku ya uchungu ataihitaji misuli iliyolegea. Akijifungua salama, mibano midogo anaweza kuianza baada ya siku chache kama haina maumivu.

Umeniuliza nani ataanza kusema kwenye kikoba. Tazama ulipolowa: kwenye ngoma ya kumfunda mwali. Vitabu vinampa sifa ya mazoezi haya daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Sisi pwani tulikuwa na somo na kungwi waliokaa na binti ndani, mlango umefungwa, wakamfundisha kukizungusha kiuno na kuujua mwili wake. Bi Kidude wa Unguja alikuwa kungwi wa unyago kabla dunia haijamjua kwa taarabu. Sisemi makungwi walikuwa wanatibu kibofu. Nasema chumba kipo, mlango unafungwa, na wanawake wamezoea kusema humo yasiyosemwa nje. Inaniudhi kidogo kwamba tunamfundisha mwali namna ya kumpendeza mume, halafu hatumwambii neno kuhusu miezi sita baada ya kuzaa.

Kanada walijaribu jambo linalofanana na kikoba chako, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wanawake wa miaka 60 na zaidi walifanya mazoezi kwa vikundi vya wanane, mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Walipata nafuu sawa na waliohudumiwa mmoja mmoja. Lakini kila mmoja alikaa kwanza peke yake na mtaalamu kuhakikisha anabana msuli unaotakiwa, na hilo msiliruke.

Kwa hiyo usisimame mbele ya 22 kujieleza. Tafuta wawili unaowaamini, waambie kuhusu juisi. Nakuhakikishia mmoja ana juisi yake. Watatu mkishakuwa na neno moja, mwombeni mwenyekiti awaalike muuguzi wa uzazi au mtaalamu wa fiziotherapia siku ya hisa, aeleze kwa wote bila kumnyooshea mtu kidole. Baada ya hapo, wakati mweka hazina anahesabu fedha, ninyi mnabana. Hakuna anayemwona mwenzake. Mfuko wa jamii unaowasaidia misibani unaweza pia kumlipia mama wa mwenzenu nauli ya kwenda kupimwa.

Na kabla hujakwenda hospitali, fanya kazi moja ya siku tatu. Andika kila saa unayokojoa, kiasi gani kwa kupimia kikopo cha zamani, umekunywa nini, na ulipolowa ulikuwa unafanya nini. Mtaalamu atakuelewa kwa dakika mbili kuliko maelezo ya nusu saa. Kurasa za nyuma za daftari la kikoba zinatosha, na mama naye mpe ukurasa wake.